Je, majaribio kwenye seva ndogo yanaweza kututabiria uwezo wa mfumo wa mikopo kabla ya kununua mitambo?

MsimamiziMifumo aliuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri juu ya jambo ambalo nimepewa kulitolea taarifa mbele ya kamati ya uongozi kabla ya mwezi kwisha. Ninasimamia mfumo wa chama cha ushirika wa akiba na mikopo chenye wanachama wapatao 18,000. Mfumo umeandikwa kwa Java juu ya Spring Boot, data zake zimo katika PostgreSQL, na hadi sasa wanaoutumia ni makarani wa matawi pekee, ambao hawazidi 60. Uongozi umeamua kwamba wanachama wenyewe waanze kutazama salio, kuomba mkopo na kulipa rejesho kwa simu zao, na kadirio nililokabidhiwa ni kwamba siku za mishahara watu 1,200 watakuwa ndani ya mfumo kwa wakati mmoja.

Muuzaji wa mitambo anatushauri tununue seva ya programu yenye viini 32 vya prosesa, kwa hoja kwamba ya sasa ina viini 4, hivyo mpya itabeba mzigo mara nane. Hesabu hiyo haikuniridhisha. Nilitenga seva inayofanana na ya sasa, nikaweka kanzidata kwenye seva nyingine ya viini 8, kisha nikaendesha majaribio ya mzigo kwa Apache JMeter: nusu ya maombi yakiwa ya kutazama salio na nusu ya kulipa rejesho, bila mapumziko kati ya ombi moja na lifuatalo. Kila jaribio lilidumu dakika 3. Matokeo ni haya:

Mtumiaji bandia 1: maombi 20 kwa sekunde, muda wa kujibu milisekunde 50
Watumiaji 4: maombi 75, milisekunde 53
Watumiaji 8: maombi 134, milisekunde 60
Watumiaji 16: maombi 208, milisekunde 77
Watumiaji 32: maombi 245, milisekunde 131
Watumiaji 64: maombi 203, milisekunde 315

Walipokuwa 32, prosesa ya seva ya programu ilikuwa imetumika kwa asilimia 55 tu. Miunganisho ya kanzidata nilikuwa nimeiongeza kutoka 10, ambayo ndiyo idadi ya kawaida ya HikariCP, maktaba ya Java inayotunza miunganisho hiyo, hadi 80, nikiamini kwamba mingi ni bora. Swali langu ni hili: ikiwa mfumo unaanza kurudi nyuma kwa watumiaji 64, ninawezaje kuiambia kamati kwamba utabeba 1,200, na je, viini 32 ndilo jibu?

Mpimaji alijibu:

Ndugu, umefanya jambo la kwanza ambalo wengi hulikwepa, nalo ni kupima kabla ya kununua. Nimeanza kwa kuhakiki namba zako zenyewe. John Little alithibitisha mwaka 1961 kwamba idadi ya waliomo ndani ya mfumo uliotulia ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila mmoja anakaa humo. Ukigawanya 32 kwa 245 unapata sekunde 0.131, na ukigawanya 64 kwa 203 unapata 0.315, yaani vilevile kama ulivyopima. Kama zisingeafikiana, ningekwambia uzitupe na uitazame upya kompyuta inayozalisha mzigo, kwa sababu mara nyingi JMeter iliyofunguliwa na dirisha lake, au iliyowekwa kwenye seva ileile inayopimwa, ndiyo inayochoka kwanza na kumsingizia mwenzake.

Sasa tuutazame mkunjo, yaani mchoro wa maombi kwa sekunde kadiri watumiaji wanavyoongezeka. Mtumiaji mmoja anapata maombi 20, kwa hiyo 32 wangepaswa kupata 640 kama kusingekuwa na kizuizi chochote, lakini wamepata 245. Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 kwamba sehemu ya kazi isiyoweza kugawanywa huwa ndiyo kikomo cha faida ya kuongeza wafanyakazi. Kanuni yake, hata hivyo, inaeleza mkunjo unaolala, haielezi mkunjo unaoshuka. Wako unashuka. Neil Gunther aliongeza gharama ya pili, ile ya wafanyakazi kulazimika kupatana wao kwa wao, ambayo hukua kwa idadi ya jozi na si kwa idadi ya watu. Nimezipachika namba zako katika kanuni yake: gharama ya kungojeana inatoka takriban 0.02 na gharama ya kupatana 0.001. Kilele hupatikana kwa kutoa ya kwanza kutoka 1, kugawanya kwa ya pili, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Hapa ni kipeuo cha 980, yaani karibu 31. Mfumo wako ulikuwa umefika kileleni penye watumiaji 32, na hakuna seva ya programu, iwe kubwa kiasi gani, itakayokisogeza kilele hicho ikiwa viini ulivyonavyo vilikuwa vimekaa karibu nusu bure. Hesabu ya mara nane haina msingi wowote katika vipimo hivi.

Jambo la pili ni hao 1,200. Watumiaji wako bandia hawapumziki, ilhali mwanachama mwenye simu mkononi husoma, hufikiri, humuuliza mwenzake, kisha ndipo agusapo kitufe. Tukichukulia kwamba kutoka skrini moja hadi nyingine zinapita sekunde 20, na kwamba skrini nzima hufunguka kwa nusu sekunde, basi watu 1,200 hufungua skrini 1,200 gawanya kwa 20.5, yaani 58.5 kwa sekunde. Namba hiyo iko mbali sana na 1,200, na ndiyo maana ni kosa kulinganisha watumiaji bandia 64 na wanachama 1,200 kana kwamba ni kipimo kimoja. Lakini usifurahi bado. Skrini moja ya programu ya simu inatuma maombi mangapi kwa seva?

Niongeze neno kwa wanaodhani kwamba mambo haya hujulikana kwa kusoma vipeperushi vya wauzaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, akiwemo Ian Gorton, waliandika programu ndogo ya kununua na kuuza hisa, wakaiendesha juu ya seva mbalimbali za J2EE, jukwaa la Java la programu za makampuni, huku wakibadilisha idadi ya watumiaji, ya nyuzi (kazi ambazo seva huziendesha sambamba) na ya miunganisho ya kanzidata. Programu ilikuwa ileile, lakini uwezo ulitofautiana kwa jinsi seva ilivyojengwa na ilivyorekebishwa. Somo nililolichukua katika kazi ile ni kwamba kipimo kidogo kilichofanywa kwa uangalifu, kikiunganishwa na kanuni nyepesi, hutabiri vizuri kuliko kanuni nzito isiyo na kipimo na kuliko kipimo kikubwa kisicho na kanuni.

BiKanzidata alijibu:

Nakubaliana na ndugu Mpimaji, ila mkunjo hautaji jina la mkosaji. Gharama ya kupatana ya 0.001 ni dalili tu, na dalili moja huweza kuwa na magonjwa mengi. Katika mifumo ya fedha niliyowahi kuihudumia, jambo la kwanza ninaloliangalia ni kama kila rejesho linabadilisha safu moja ileile ya kanzidata, kwa mfano salio la akaunti kuu ya mikopo katika leja. Kama ndivyo, basi hata wanachama 18,000 wenye akaunti 18,000 tofauti watasimama kwenye mlango mmoja, kwa sababu PostgreSQL haimruhusu wa pili kuibadilisha safu mpaka wa kwanza amalize muamala wake.

Rudia jaribio la watumiaji 64, na wakati linaendelea soma `pg_stat_activity`, jedwali ambalo PostgreSQL huonyesha kila mchakato unafanya au unangoja nini, kila baada ya sekunde chache. Ukikuta michakato mingi ina `wait_event_type` ya `Lock`, nayo inangoja `transactionid` au `tuple`, umempata.

Miunganisho 80 kwa kanzidata ya viini 8 ni mingi mno. Watu wa PostgreSQL wana kanuni ya kuanzia, inayonukuliwa pia katika maelezo ya HikariCP: idadi ya viini mara mbili, ongeza idadi ya diski zinazofanya kazi kweli. Kwako inatoka kama 17. Usiichukue kama sheria. Jaribu 10, 16 na 24, kisha namba iseme yenyewe.

Kuna mambo mengine mawili katika jaribio lako ambayo yananitia wasiwasi zaidi ya hayo. La kwanza ni dakika 3. Mashine pepe ya Java huanza kwa kufasiri msimbo, na hutafsiri sehemu zinazotumika sana kuwa lugha ya prosesa baada tu ya kuziona zikirudiwa mara nyingi, kwa hiyo dakika za mwanzo ni za kupasha moto na hazifai kuhesabiwa. Tena PostgreSQL, kwa mpangilio wake wa kawaida, hufanya kazi ya kuhamishia diskini kurasa zilizobadilika kila baada ya dakika 5, na hapo ndipo muda wa kujibu unapoweza kuruka ghafla. Jaribio la dakika 3 linaweza kuanza na kwisha bila kuiona kazi hiyo hata mara moja. Endesha kwa dakika 40, tupa 10 za kwanza. Na usiniletee wastani peke yake, leta pasentaili ya 95 na ya 99, yaani muda ambao asilimia 95 au 99 ya maombi hayauzidi, kwa maana mwanachama aliyesubiri sekunde 6 akagusa "Lipa" mara ya pili hafarijiki kwa wastani wa milisekunde 131.

La pili: kanzidata ya majaribio ina miamala ya miaka mingapi? Jedwali dogo hukaa lote kwenye kumbukumbu, na kipangaji cha PostgreSQL kinaweza kuamua kulisoma lote badala ya kutumia faharasa, na kwa jedwali dogo uamuzi huo ni sahihi. Likikua, mpango hubadilika na muda hubadilika nao. Kipimo kilichofanywa juu ya data kidogo hakitabiri kitu, hata kikirudiwa mara mia.

MsimamiziMifumo aliandika:

Nawashukuru sana. Nimekaa na mambo haya kwa siku nne na nina majibu.

Nimeuliza waandishi wa programu ya simu: kila skrini hutuma maombi 4, moja la salio, moja la mikopo, moja la matangazo na moja la kuthibitisha kipindi. Kwa hesabu ya ndugu Mpimaji, skrini 58.5 mara 4 ni maombi 234 kwa sekunde, nasi kilele chetu ni 245. Kusema kweli nilipoiona namba hiyo nilikosa raha, kwa sababu tulikuwa tunaelekea kuzindua huduma ukingoni kabisa mwa uwezo wetu.

Dada BiKanzidata umelenga penyewe. Kila rejesho lilikuwa linabadilisha salio la akaunti moja ya leja kuu, na michakato 41 kati ya 64 ilikuwa inangoja kufuli. Kanzidata ya majaribio ilikuwa na wanachama 2,000 tu. Sasa nimeijaza kwa nakala ya data halisi ya miaka sita, majina na namba za simu zikiwa zimefutwa.

MwanaTakwimu alijibu:

Mmeushughulikia vizuri upande wa mfumo, lakini hakuna aliyeuliza 1,200 imetoka wapi. Utabiri una pande mbili, uwezo na mahitaji, na ukikosea mahitaji, usahihi wa uwezo haukusaidii. Tovuti ya HealthCare.gov ya Marekani, ya kujiandikisha bima ya afya, ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, walitarajia watu 50,000 hadi 60,000 kwa wakati mmoja, wakaja kiasi cha 250,000, na siku hiyo ya kwanza waliokamilisha kujiandikisha walikuwa 6 tu. Kasoro zake hazikuwa za wingi wa watu peke yake, lakini waliokuja walikuwa zaidi ya mara nne ya kadirio.

Niambie, mishahara inapoingia mnawajulisha wanachama kwa ujumbe mfupi? Kama ujumbe 18,000 unatoka kwa mkupuo mmoja, wewe mwenyewe ndiye unayeitisha foleni. Chukulia theluthi moja, watu 6,000, wanafungua programu ndani ya dakika 10. Hao ni watu 10 kwa sekunde. Kila mmoja akipitia skrini 5 kwa sekunde 20 kila moja, anakaa sekunde 100, na kwa kanuni ileile ya Little watakuwemo ndani watu 1,000. Kumbe kadirio la uongozi si baya, ingawa sidhani lilifikiwa kwa njia hii. Lakini likitokea ndani ya dakika 3 badala ya 10, idadi hiyo inazidi 3,000. Kutuma ujumbe kwa mafungu ya tawi moja moja, kwa saa mbili, kunapunguza mzigo bila kununua chochote.

Pili, JMeter kama ulivyoitumia humsubiri mtumiaji bandia apate jibu ndipo atume ombi jipya. Seva ikikwama, mzigo nao unapungua kwa hisani, na zile sekunde za kukwama hazionekani kwenye hesabu kwa sababu hakuna aliyetumwa kuzishuhudia. Wanachama hawatakuwa na hisani hiyo: aliyepata ujumbe saa 4:05 atafungua programu saa 4:05, wa mbele yake awe amejibiwa au hajajibiwa. Fanya walau jaribio moja ambalo maombi yanaingia kwa kasi iliyopangwa bila kujali majibu.

Tatu, nusu kwa nusu uliipata wapi? Makarani hulipisha, wanachama, nadhani, watatazama salio mara nyingi kuliko watakavyolipa. Usikubali dhana yangu wala yako. Chukua takwimu za huduma ya menyu ya simu kama mnayo, au wape programu wafanyakazi wenyewe kwa mwezi mmoja, uhesabu.

MsimamiziMifumo aliandika:

Naleta matokeo ya mwisho, kwa kuwa nisingependa kuchukua ushauri kisha nikanyamaza.

Kwanza nilipunguza miunganisho bila kugusa kitu kingine. Kwa 10 mfumo ulikwama mapema, kwa 24 ulianza kushuka tena, na kwa 16 ulitoa maombi 247 penye watumiaji 32 na 249 penye 64. Mkunjo uliokuwa unashuka sasa umelala.

Kisha tuliondoa mlango mmoja: rejesho sasa linaandika safu yake mpya, na salio la leja kuu linajumlishwa na kazi ya pembeni kila baada ya dakika 5, baada ya mhasibu mkuu kuridhia kwa maandishi kwamba kuchelewa huko hakumharibii taarifa. Kabla ya kupima, niliandika utabiri kwenye daftari. Maombi 245 yalitumia asilimia 55 ya viini 4, yaani viini 2.2, hivyo ombi moja hutumia milisekunde 9 za prosesa. Viini 4 kamili visingeweza kuzidi maombi 444. Nilipima kwa dakika 40 kwa watumiaji 64: maombi 410 kwa sekunde, prosesa asilimia 92, pasentaili ya 99 ikiwa milisekunde 420.

Waandishi wa programu ya simu wameunganisha maombi 4 kuwa 2. Kila ombi sasa ni zito kidogo, milisekunde 13, lakini skrini 58.5 zinaleta maombi 117, ambayo ni viini 1.5, asilimia 38 ya seva tuliyonayo.

Mpimaji alijibu:

Hapa umefika mahali pazuri sana, kwa sababu sasa kinachojaa kwanza ni prosesa, na kwa mara ya kwanza swali la viini limekuwa swali halali. Ukiongeza viini leo utapata kitu. Wiki mbili zilizopita usingepata. Tazama tu ile hofu ya MwanaTakwimu: mzigo ukija mara tatu, maombi 351 kwa milisekunde 13 yanataka viini 4.6, nawe una 4. Ningeiambia kamati inunue seva ya pili inayofanana na hii, si ile ya viini 32, ili moja ikizimika usiku wa mishahara nyingine ibaki, na ningeandika katika taarifa kwamba utabiri huu unasimama juu ya sekunde 20 za kufikiri, ambazo hakuna aliyezipima bado. Zikiwa 10, kila kitu kinakaribia mara mbili.

MsimamiziMifumo aliandika:

Ndiyo maana tumeamua kuanza na tawi moja lenye wanachama 2,000. Kwa uwiano, siku ya mshahara linapaswa kuleta maombi 13 kwa sekunde na kutumia asilimia 4 ya prosesa. Namba hizo mbili zimo kwenye taarifa ya kamati, pamoja na sharti nililoliandika mwenyewe: tukikuta prosesa imezidi asilimia 6, matawi mengine yatasubiri mpaka tujue sababu.